Goti Lililojaribiwa Asubuhi

Kuna watu wanaolipwa kwa kukaa, na wapo wengi mno wanaolipwa kwa kuongea. Huyu alilipwa kwa kutembea. Kila siku ya kazi alifika kwenye karakana ya viungo bandia iliyo nyuma ya hospitali, akanywa chai yake, akaketi kwenye benchi, akavua mguu wake wa kushoto na kuuegemeza ukutani, kisha akaletewa mguu mwingine. Mguu huo ulikuwa mpya, haujavaliwa na binadamu yeyote, na kazi yake ilikuwa kuuvaa na kuona kama utamwangusha.

Walimwita Goti. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kadi ya kazi, na hata mhasibu wa hospitali alikuwa akilisahau. Lori la mizigo lilimkanyaga akiwa kijana, kwenye ghala alikokuwa mpakiaji, na mguu ukakatwa juu ya goti. Sasa mtu aliyekatwa hapo, kinachomsumbua maisha yake yote si unyayo. Unyayo wa bandia ni kipande cha mpira tu, hauna makuu. Goti ndilo lenye visa. Unataka likunje unapoinua mguu, na unataka likaze unapokanyaga, na siku likikosea zamu yake basi umekwisha, uko chini, na watu wanakukimbilia na huruma ambayo hukuiomba.

Kwa kazi hiyo Goti alikuwa hodari, na alijijua kuwa hodari, na hilo la pili lilikuwa linachosha kidogo. Akianza kusimulia jinsi alivyowahi kugundua nati iliyolegea kwa kusikia tu mlio wake, mafundi wa plasta walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi chumba cha pili. Lakini alipovaa mguu mpya, karakana nzima ilinyamaza. Alikuwa na neno moja tu la kutoa, "limekubali" au "limekataa", na hakuna aliyewahi kubishana nalo.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, cha sakafu ya saruji, na mgeni akiingia mara ya kwanza angedhani wajenzi walikatishwa kazi. Kulikuwa na ngazi iliyopanda hadi ukutani na kuishia hapo. Kulikuwa na mteremko wa mbao uliotoka mahali pasipo na kitu ukaenda mahali pasipo na kitu. Kulikuwa na sanduku la mchanga, sanduku la kokoto, na vigae vilivyomwagiwa maji ya sabuni makusudi. Juu, kwenye dari, palipita reli ya chuma yenye kamba na mkanda wa usalama, ili mjaribu akiponyokwa abaki ananing'inia badala ya kupasua paji la uso. Kwenye kona kulikuwa na mashine iliyokunja na kukunjua goti mchana kutwa bila kuomba chai. Mashine ilijua goti litavunjika lini. Goti alijua litamwaibisha mtu lini. Ndivyo alivyopenda kusema, na kusema kweli hakukosea sana.

Na ukutani, juu ya benchi, kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: HAKUNA KUJARIBU UKIWA UMECHOKA. Kibao hicho kilikuwa na kisa chake. Zamani Goti alitoka kukesha msibani, akaja kazini macho yamemvimba, akavaa goti zuri kabisa na kulikataa. Goti la watu likatupwa kapuni, kumbe hatia ni ya usingizi. Tangu hapo Mhandisi akaweka sheria: majaribio ni asubuhi, baada ya chai, mtu akiwa na nguvu zake zote, ili chombo kihukumiwe kwa haki. Wageni wakija walionyeshwa kibao hicho, nao walitikisa kichwa kwa heshima. Watu wa karakana walikipenda kama familia inavyopenda picha ya harusi.

Mhandisi alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko Goti, mwepesi wa kutembea, mwenye tabia ya kuanza sentensi akiwa mlangoni na kuimalizia akiwa kwenye kabati la vifaa. Alikuwa amehangaika miaka na goti moja tu. Magoti mazuri yalikuwepo duniani, lakini bei yake ilikuwa ya kuuza nyumba. Lake lilikuwa la plastiki ngumu nyeusi na chuma kidogo, na ndani yake kulikuwa na breki: ukilitwika uzito linashika, ukinyanyua mguu linaachia. Lingeweza kutengenezwa hapohapo kwa mashine za hapohapo. Alilibadilisha mara nyingi hadi mumewe akaanza kuliita mume mwenza. Likaishinda mashine. Kisha Goti akalivaa, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye ngazi, mchangani, kwenye mteremko, kwenye maji ya sabuni, na siku ya mwisho akavua mkanda, akamtazama Mhandisi usoni na kusema, "Limekubali."

Mhandisi aliketi sakafuni palepale. Soda zikanunuliwa. Kamati ya hospitali ikasoma, ikauliza, ikauliza tena, halafu ikaruhusu goti lijaribiwe na watu wachache wa nje, kwa hiari yao, chini ya uangalizi.

Mmoja wa watu hao alikuwa dada yake Goti, na hapo ndipo habari hii inapoanza kuuma.

Dada ndiye aliyemlea. Mama yao aliondoka mapema, naye akageuka mama akiwa bado anavaa sare ya shule. Goti alipokatwa mguu na kupewa wa kwanza, chuma kizito kisicho na breki wala adabu, ni dada aliyemfundisha kutembea nacho uani. Alikuwa anakwenda kinyumenyume mbele yake, mikono ameitanua, siku zote hizo, hadi siku moja mdogo wake akamwambia, "Dada, toa mikono, unanizibia njia." Dada akatoa mikono, akaingia ndani na kufunga mlango. Akalia, lakini kilio cha furaha, na alipotoka alisingizia vitunguu.

Miaka ikapita, sukari ikamwingia dada. Ilianza na kidonda kwenye kidole, ikaishia juu ya goti, mguu uleule wa kushoto. "Tumeshonewa sare," alisema hospitalini, na wauguzi wakashindwa kujua kama wacheke. Alihamia kwa mdogo wake. Alipewa mguu wa aina ya zamani, akaujaribu uani, akaanguka mbele ya majirani waliokuja kumpa pole. Hakuumia. Alivua ule mguu, akaurudisha kwenye mfuko wake, na tangu siku hiyo akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na kutawala. Akiwa hapo alijua sufuria gani jikoni inataka kufurika na mtoto gani hajaoga. Wifi yake, mkewe Goti, alikuwa anamheshimu na kumwogopa kwa kipimo kilekile. Lakini wifi huyohuyo ndiye aliyemwona akivaa kiatu cha kushoto mkononi, anakifuta vumbi, anakirudisha chini ya kitanda.

Goti alimsihi muda mrefu. "Dada, hili si kama lile. Hili nimelitembelea mwenyewe. Haliangushi mtu."

"Wewe huanguki hata ukivalishwa mwiko," dada akamjibu.

"Nakuapia."

Dada alimtazama kwa muda. "Sawa. Nitakwenda. Lakini sikia, mdogo wangu. Nikianguka tena, usinitajie mguu mpaka naingia kaburini. Wala wewe, wala mkeo, wala huyo mhandisi wako. Nitakaa kwenye kiti changu na mtaniacha."

Goti akakubali bila kufikiri, kwa sababu alikuwa na uhakika. Uhakika ni kitu kitamu sana.

Siku ya dada ilipangwa mchana, kwa kuwa asubuhi zilikuwa za majaribio. Alifika amevaa gauni lake la kutokea. Mhandisi akamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akajibu marahaba huku akimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayepokea posa. Bwana Mazoezi, mtaalamu wa viungo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akamvalisha kikombe kinachoshika kigutu, akakaza, akalegeza, akauliza panapobana. Wakaanza kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Kwenda, kurudi. Dada alikuwa anatetemeka, lakini alikuwa anatembea. Alipofika mwisho wa vyuma mara ya tatu alicheka, kicheko kifupi cha mshangao, na Goti aliyekuwa amesimama pembeni akacheka naye.

"Tujaribu mteremko," Bwana Mazoezi akasema. "Polepole. Mkanda upo, kamba ipo, na mimi nipo."

Dada akashuka hatua ya kwanza. Akashuka ya pili. Ya tatu, kisigino kilipogusa mbao, goti likakunja bila taarifa. Kamba ikamdaka, Bwana Mazoezi akamdaka, na hakugusa hata ubao. Hakuwa na mchubuko wowote. Lakini alikuwa ananing'inia kwenye mkanda mbele ya watu, gauni la kutokea limepanda, na uso wake ulikuwa uleule wa siku ile uani.

"Nirudisheni kwenye kiti changu," akasema.

Nyumbani jioni ile watoto walikula wakitazama sahani. Shangazi yao alisema mara moja tu kwamba chumvi imezidi, na haikuwa imezidi.

Kesho yake majaribio yote yakasimamishwa, kama sheria ya kazi inavyotaka. Watu wa nje hawakuruhusiwa kulivaa goti tena hadi sababu ijulikane. Mhandisi alilifungua lile lililomwangusha dada, akalitandaza mezani kipande kwa kipande. Breki ilikuwa nzima, springi nzima, hakuna hata ufa. Akaliunga tena na kumpa Goti. Goti akashuka mteremko kwa goti lilelile, asubuhi, baada ya chai. Likashika. Akashuka tena. Likashika.

"Halina kitu," akasema.

Mhandisi alijaribu kuchagua maneno. "Labda... nasema labda, mzee wangu. Labda mama alikanyaga vibaya. Aliogopa."

Goti akawaka. Alimwambia kwamba dada yake si mtu wa kukanyaga vibaya, na kwamba kama goti linahitaji mtu asiyeogopa basi wakawavalishe mawe. Alisema mengi, mengine hayarudiwi hapa. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye ukuta mfupi karibu na matangi ya maji, na hasira ikamtoka yote kwa mara moja, kwa sababu alikumbuka kitu kibaya: jana, dada alipokuwa bado ananing'inia, wazo la kwanza kumjia yeye mwenyewe lilikuwa hilohilo. Amekanyaga vibaya. Alikuwa amelipenda goti kuliko dada yake, kwa kitambo kidogo tu, na aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni.

Bwana Mazoezi ndiye aliyepata mwanzo wa uzi. Alikuwa na desturi ya kurekodi kila mtu kwa simu, ili awaonyeshe baadaye walivyopiga hatua. Akaweka simu mbili mezani, moja ikiwa na picha za dada na nyingine za Goti, wote kwenye mteremko, akazirudisha nyuma na kuziendesha polepole.

"Angalia nyonga," akasema.

Kisigino cha Goti kilipogusa mbao, nyonga yake ilisukuma kigutu nyuma, ghafla, kidogo sana. Mtu asiyeambiwa asingeona. Kwa kusukuma hivyo alikuwa analinyoosha goti yeye mwenyewe, kabla breki haijashika. Dada hakusukuma. Dada aliliachia goti lifanye kazi yake, kama alivyoahidiwa.

"Sifanyi hivyo," Goti akasema.

"Unafanya."

"Nimesema sifanyi."

Bwana Mazoezi akairudisha picha nyuma tena. Goti akajitazama akifanya. Ilikuwa dawa ya ule mguu wa kwanza, chuma kile kisicho na adabu. Miaka yote hiyo mwili wake ulikuwa umeshika somo bila kumuuliza. Kila goti alilolivaa, lililo zima na lililo bovu, nyonga yake ilikuwa inalisaidia kwa siri, halafu mdomo wake unatangaza kwamba limekubali.

Walimwambia aache. Alipanda juu ya mteremko, akajiambia asisukume, akasukuma. Mhandisi akasema asimame kwanza, apumue, alegeze mwili. Akapumua, akalegeza, akasukuma. Ilikuwa sawa na kumwambia mtu asipepese macho. Mtu mwingine wa kulijaribu hakuwepo. Wa nje walikuwa wamezuiwa, na ndani ya karakana hakuna mwingine aliyekatwa hapo. Bila kuliona goti likikosea, Mhandisi asingejua breki inachelewa wapi, na kamati isingefungua mlango tena.

Jioni Goti akarudi nyumbani amenyong'onyea. Dada alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, amegeukia upande wa barabara. Goti akampita na salamu, akapanda vipandio viwili vya kuingilia kwa kushika ukuta, akaburuza mguu hadi kwenye kochi. Mkewe akamtazama kutoka jikoni.

"Mwenyewe huyo, bingwa wa karakana," akamtania, kwa sababu alikuwa hajui njia nyingine ya kumfariji. "Wangekuona sasa hivi unavyokokota mguu, wangekufukuza kazi."

"Nimechoka, mama watoto. Jioni nyonga inakuwa haina kitu."

"Najua. Mimi ndiye ninayekuona jioni. Hao wa huko wanakuona asubuhi tu."

Goti akanyanyua kichwa. Halafu akaanza kucheka peke yake, hadi mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuhakikisha mumewe yuko timamu.

Siku iliyofuata aliingia karakana na kwenda moja kwa moja kwa Mhandisi. "Leo hatujaribu goti asubuhi," akasema. "Leo mnanichosha mimi."

Mhandisi akatazama kibao. Kila mtu akatazama kibao. Iliwaingia wote kwa pamoja, na nyuso zikawashuka. Sheria yao ya haki, ile waliyowaonyesha wageni kwa majivuno, ndiyo iliyokuwa inalificha kosa. Walikuwa wametengeneza goti la watu wanaoamka na kuchoka, wagonjwa, wazee, mama waliokaa kwenye kiti muda mrefu, wakalipima kwa mtu mmoja mwenye nyonga ya chuma, akiwa ametoka kunywa chai.

Wakamfunga mkanda na kamba. Akaanza kupanda na kushuka. Asubuhi goti lilishika kila hatua. Akavuka mchanga, akapanda ngazi ya kwenda ukutani, akashuka, akarudi kwenye mteremko. Mchana mafundi wa plasta wakaleta viti na maneno yao. Mmoja akamuuliza kama anakwenda mbali. Mwingine akataka kujua nauli. Goti aliwajibu mwanzoni, kisha akawa anawajibu kwa mkono, kisha hakuwajibu kabisa. Shati likamganda mgongoni. Bwana Mazoezi alimsimamisha kila mara kukagua kigutu, akampa maji, akamuuliza kama inatosha. Haikuwa inatosha.

Jua lilikuwa limeshaingia kwenye dirisha la nyuma alipohisi nyonga imekuwa nzito na haina habari naye. Akaanza kushuka. Kisigino kikagusa mbao. Nyonga haikusukuma.

Goti likakunja.

Kamba ikamnyaka, akabaki ananing'inia katikati ya chumba, mguu mmoja umekunja, mikono inaelea kama nguo iliyoanikwa. Halafu ikasikika sauti ya mtu anacheka, na alikuwa yeye.

"Limekataa!" akapiga kelele. "Jamani, limekataa! Si dada! Ni goti!"

Mhandisi alikuwa analia na kucheka pamoja, huku akimkumbatia kiunoni maana ndipo alipofikia. Hakuna mtu aliyewahi kuambiwa kwamba kazi yake ya miaka ni mbovu akafurahi vile. Lakini kosa lililoonekana ni kosa la kutengenezwa, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mteremko, alilala hadi mumewe akamsikia anakoroma.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mezani, si ya kusimulia. Breki ilikuwa inasubiri uzito wote utue ndipo ishike, na kwenye mteremko uzito hutua kwa kuchelewa. Mhandisi akasogeza egemeo lake nyuma kidogo ili mguso wa kisigino peke yake uiamshe. La kwanza lilishika mno, halikutaka kuachia. La pili lilikuwa linalia. Lililofuata Goti alilivaa asubuhi akiwa na nguvu, akalivaa jioni akiwa hoi, akalivaa akiwa amechoka kiasi cha kumtukana Bwana Mazoezi kwa kumtazama tu. Likashika. Kamati ikaja yenyewe kutazama, ikauliza, ikauliza tena, ikaruhusu. Kile kibao kikashushwa, na ukutani pakabaki mraba wa rangi safi ambao hakuna aliyekuwa na haraka ya kuupaka.

Ikabaki kazi ngumu kuliko zote. Goti alichukua kigoda, akaketi mlangoni karibu na kile kiti cha plastiki. Alikuwa ameahidi kutotaja mguu, kwa hiyo hakuutaja.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Umefanya nini tena?"

"Siku ile, ulipokuwa kwenye kamba, nilifikiri umekosea wewe. Sikusema, lakini nilifikiri."

Dada hakugeuka. "Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Sivyo. Lilikosea goti. Nililivaa nikiwa nimechoka likaniangusha na mimi, palepale ulipoanguka. Lilikuwa bovu tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa nalibeba bila kujua, nikakudanganya kwamba linanibeba."

Barabarani mtu alipita na baiskeli, akawasalimia, hakuna aliyemwitikia. Dada alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Kwa hiyo sikukosea," akasema.

"Hukukosea."

"Nilikanyaga sawasawa?"

"Ulikanyaga kama ulivyofundishwa. Bwana Mazoezi anasema hatua yako ilikuwa nzuri kuliko yangu."

Dada alishusha pumzi ndefu, ndefu kiasi kwamba Goti alijiuliza alikuwa ameibana tangu lini. Tangu mteremkoni? Tangu uani, mbele ya majirani? Muda wote huo alikuwa amekaa pale mlangoni akiamini mwili wake umeharibika hadi hauwezi hata kujifunza, na hakumwambia mtu. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke, wala hakusingizia vitunguu.

Kisha akapaza sauti kuelekea ndani. "Wifi! Hebu niletee kiatu changu. Cha kushoto."

Alichagua mwenyewe saa ya kwenda: jioni, na baada ya kufua. "Mkinipima, mnipime nilivyo," alimwambia Mhandisi. Watu wa karakana walijifanya wana kazi, lakini hakuna aliyekuwa ameshika chombo. Akatembea kati ya vyuma, kwenda na kurudi. Akapanda mteremko na kugeuka. Bwana Mazoezi akawa nyuma yake ameshika mkanda. Goti hakuweza kukaa pembeni. Akaenda mbele yake, akaanza kushuka kinyumenyume, mikono ameitanua, mtu mzima na mvi zake.

Dada akashuka hatua ya kwanza. Akashuka ya pili. Ya tatu kisigino kikagusa mbao, na kila aliyekuwa mle chumbani akakaza goti lake mwenyewe.

Likashika. Ya nne. Ya tano. Mkanda ulikuwa umelegea mkononi mwa Bwana Mazoezi; hakuna kilichokuwa kinavutwa. Katikati ya mteremko dada alisimama, akamtazama mdogo wake juu hadi chini, na mikono yake iliyotanuliwa.

"Toa mikono," akasema. "Unanizibia njia."

Goti akatoa mikono. Akasogea pembeni, akampisha, na dada yake akashuka hadi chini.